Vioo, udongo au mbao? Nyumba tatu za kifahari kwa familia inayoishi na sanaa

Mwaka 1949 msanifu majengo Mmarekani Philip Johnson alimaliza nyumba yake ya vioo huko New Canaan, Connecticut. Kuta zote nne ni kioo. Kitu pekee kinachopanda kutoka sakafuni hadi darini ni nguzo nene ya matofali, ya mviringo, yenye bafu na meko. Picha ya rangi za mafuta aliyoiweka ndani ilibidi isimame kwenye stendi ya chuma sebuleni, kwani hapakuwa na ukuta wa kuitundika. Mkusanyo wake ulipozidi kukua, mwaka 1965 alijenga jengo jingine kwenye kiwanja hichohicho, akalifunika kwa udongo na nyasi, na humo ndimo alimohifadhi picha zake.

Kisa hicho kinamhusu kila mwenye uwezo wa kujenga nyumba kubwa na hamu ya kuijaza sanaa, hasa kama anataka pia nyumba isiyofuja umeme wala maji. Wengi huanza na hofu kwamba mambo hayo mawili yatavutana: sanaa itadai viyoyozi usiku na mchana, na kujali mazingira kutadai nyumba kavu isiyo na mvuto. Mimi naona kinyume chake. Picha na bili ya umeme vinaomba vitu vilevile: ukuta, kivuli, na hewa isiyopandapanda na kushuka. Kinachogombana navyo ni ile sura ya anasa iliyozoeleka kwenye majarida, yaani kioo kuanzia sakafu hadi dari, sebule yenye kimo cha ghorofa mbili, na mandhari kila upande unaogeukia.

Basi nalinganisha aina tatu za nyumba ambazo wasanifu huwapendekezea wateja wa namna hii. Ya kwanza ni nyumba ya vioo. Ya pili ni nyumba ya kuta nene za udongo au mawe iliyouzunguka ua wa ndani. Ya tatu ni nyumba ya mbao iliyozibwa kila upenyo, yenye mtambo wake wa kubadilisha hewa. Zipo nyumba zinazochanganya mawili au yote matatu, lakini ukishajua nguvu ya kila moja, kuchanganya kunakuwa rahisi.

Mwanga: hapa ndipo mengi huamuliwa

Majumba ya makumbusho yana vipimo vyake vya miaka mingi. Michoro ya karatasi, rangi za maji, picha za kamera na vitambaa huangaziwa kwa takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Rangi za mafuta huvumilia hadi lux 200. Mawe, shaba na vigae vya kauri havijali sana. Linganisha na jua la mchana mweupe, ambalo nje hufika lux 100,000.

Piga hesabu. Mchoro wa rangi za maji unaoangaziwa kwa lux 50, saa nane kwa siku, mwaka mzima, unapokea jumla ya lux-saa 146,000. Mwale wa jua uliopunguzwa nusu na kioo ukiupiga mchoro huohuo kwa saa tatu tu, umemaliza mgao wa mwaka. Madhara ya mwanga hayarudi nyuma, na mchoro ukiwekwa gizani baadaye haupati nafuu.

Wauzaji wa vioo watakuambia kwamba kioo cha tabaka zilizogandishwa kwa plastiki huzuia asilimia 99 ya mionzi ya urujuanimno (UV). Ni kweli, na kinafaa kuwekwa popote penye sanaa. Wasichokisema ni kwamba mwanga unaoonekana nao hufifisha rangi. Ukizuia urujuanimno ukaacha mwanga wenyewe umwagike, umechelewesha tatizo, hujaliondoa. Kwa hiyo katika nyumba ya vioo, mwenye picha anabaki na njia mbili: kushusha mapazia, na hapo mandhari aliyoyalipia yamekwenda, au kuchagua sanaa ya mawe, chuma na kauri. Njia ya pili si mbaya hata kidogo. Sanamu ya shaba iliyosimama mbele ya bustani, nyuma yake kioo, inaweza kupendeza kuliko picha kumi. Lakini ni uamuzi wa kufanywa kabla ya msingi kuchimbwa, usije ukafanywa siku ya kuhamia.

Nyumba ya ua inashinda raundi hii bila jasho. Kuta za nje zina madirisha machache, na vyumba hupata mwanga kutoka uani, mwanga ambao umeshagonga ukuta au majani ya mti ndipo ukaingia. Kuna ukuta mrefu usio na tundu karibu kila chumba. Nyumba ya mbao iko katikati: mpangilio wake unakuruhusu kuweka madirisha utakapo, na kwa kuwa mtaalamu wa nishati atakuwa anakubania ukubwa wa madirisha, ukuta wa picha unajitokeza wenyewe.

Kuhusu upande wa kuelekeza madirisha, kanuni inayonukuliwa kila mahali ni mwanga wa kaskazini. Inafaa kwa walio mbali kaskazini mwa ikweta. Walio kusini huigeuza. Anayejenga karibu na ikweta ana hesabu nyingine: jua humjia kwa upande wa kaskazini sehemu ya mwaka na kwa upande wa kusini sehemu nyingine, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji upenu mrefu. Mashariki na magharibi ni pabaya kwa kila mtu, maana huko jua huwa chini na hupita chini ya upenu wowote. Ukuta wa magharibi uwe wa stoo, ngazi, kabati au bafu.

Taa ndilo jambo jepesi kuliko yote. LED haitoi urujuanimno wa kutajika, haitupi joto mbele kwenye picha, na haili umeme mwingi. Tafuta zenye kipimo cha uaminifu wa rangi (CRI) cha 95 au zaidi, uweke swichi ya kupunguzia mwanga, na mengine yaache.

Joto na hewa

Chukua dirisha la mita za mraba 10 linaloelekea magharibi. Jua la alasiri likileta wati 600 kwa kila mita ya mraba, kioo cha kawaida hupitisha takriban asilimia 80 ya joto hilo. Hizo ni kilowati 4.8 za joto sebuleni kwako. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kile cha BTU 12,000, huondoa kilowati 3.5. Yaani dirisha moja linakishinda kiyoyozi kizima, na pazia la ndani halisaidii sana kwa kuwa joto limeshaingia. Kivuli chenye kazi ni kile kilicho nje: upenu, vibao vya kugeuza, mti.

Kwenye baridi mambo yanageuka, lakini kioo hakiponi. Kioo bora cha tabaka tatu hupitisha joto mara nne au tano zaidi ya ukuta uliowekewa tabaka nzuri ya kuzuia joto. Nyumba ya Farnsworth huko Plano, Illinois, iliyobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe na kukamilika 1951, ina kioo cha tabaka moja, na mwenye nyumba, Edith Farnsworth, alilalamikia joto la kiangazi, baridi ya kipupwe na kukosa faragha. Iliinuliwa juu ya nguzo za chuma kwa sababu mto uko jirani, na bado mafuriko ya 1996 yalivunja kioo na kuingia ndani. Ni jengo zuri mno. Leo ni makumbusho, na nadhani hapo ndipo panapolifaa.

Kuta nene za udongo ulioshindiliwa, kwa kawaida kati ya sentimita 30 na 60, hufanya kazi kwa kuchelewesha. Joto la mchana huchukua saa nyingi kulivuka ukuta, na linapofika ndani huwa ni usiku, madirisha yamefunguliwa, hewa baridi inaliondoa. Huu ni utaratibu wa maeneo makavu, ambako usiku hupoa kwelikweli. Msanifu Hassan Fathy alijenga kwa matofali ya udongo huko Gourna Mpya, Misri, miaka ya 1940, akitumia kuta nene, matao na njia za kushushia upepo, na alijua anajengea jangwani.

Ukihamishia ukuta huohuo kwenye joto la unyevunyevu, ambako usiku haupoi, unaweza kujuta: ukuta hutema joto chumbani saa za kulala. Huko nyumba ya ua bado inafaa, ila kwa mbinu tofauti. Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka, alionyesha hilo kwa nyumba ya msanii wa batiki Ena de Silva, iliyojengwa Colombo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ua mkubwa katikati, paa zilizochomoza, vyumba vyenye upenyo pande mbili ili upepo upite, na kazi za mikono zilizofanywa sehemu ya jengo. Kiwanja kilipouzwa baada ya nusu karne, nyumba hiyo ilibomolewa kwa utaratibu, sehemu zake zikawekewa alama, ikajengwa upya kwenye bustani ya Bawa ya Lunuganga. Si nyumba nyingi zinazoweza kuhamishwa hivyo.

Udongo una faida nyingine ambayo haisifiwi inavyostahili: hunywa unyevu hewa inapokuwa na maji mengi, na huurudisha hewa inapokauka. Kwa sanaa hii ni neema. Mbao za fremu na turubai hutanuka na kusinyaa unyevu unapobadilika, na rangi iliyokaa juu yake hupasuka. Ukungu nao huanza pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65 hadi 70 kwa muda. Lengo la nyumbani ni kukaa kati ya asilimia 40 na 60, na zaidi ya namba yenyewe, kutobadilika ghafla. Lipu ya udongo au ya chokaa, hata kwenye nyumba ya aina nyingine, husaidia. Rangi za plastiki juu yake huua faida hiyo yote, kwa hiyo mwambie fundi mapema.

Nyumba ya mbao iliyozibwa hutegemea mtambo. Kipimo cha Kijerumani cha nyumba tulivu (Passivhaus), yaani inayohitaji nishati kidogo sana, kilichoanzia Darmstadt-Kranichstein ambako familia zilihamia mwaka 1991, kinaruhusu kilowati-saa 15 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na uvujaji wa hewa usiozidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa chini ya shinikizo la paskali 50. (Nyumba hizo za kwanza hazikuwa za mbao bali za matofali, jambo ambalo wauzaji wa mbao hulisahau.) Hewa safi huingia kupitia chujio, na hewa chafu inapotoka huachia joto lake kwa ile inayoingia. Chujio hilo linalolinda mapafu ya watoto ndilo linalozuia vumbi na masizi yasikae kwenye turubai. Sharti lake ni kulibadilisha kwa ratiba. Familia isiyokumbuka kubadilisha chujio isijenge nyumba hii, nasema bila utani.

Jaribio la msumari

Kuna swali dogo linalotenganisha nyumba hizi haraka kuliko michoro yote ya msanifu: msumari utaupiga wapi?

Kwenye kioo, hakuna mahali. Kwenye udongo ulioshindiliwa, msumari unaingia lakini ukuta humomonyoka ukihamisha picha mara mbili tatu, na tundu lililozibwa huonekana daima kwa sababu tabaka za rangi ya udongo haziwezi kuigwa. Dawa yake ni reli ya kutundikia iliyofungwa juu, karibu na dari, wakati wa ujenzi, na picha zikaning'inia kwa waya. Kwenye mbao za tabaka zilizogandishwa mkingamo, teknolojia iliyokomaa Austria na Ujerumani miaka ya 1990, unafunga skrubu popote, uzito wowote. Ukiamua kufunika kuta za mbao kwa jipsamu, weka plaiwudi ya milimita 18 nyuma yake kwenye kuta zote zinazotarajiwa kubeba picha. Ni kazi ya siku moja kabla ya lipu, na baada ya hapo hutamuuliza mtu yeyote msumari upigwe wapi.

Picha ikining'inia kwenye ukuta wa nje, usiiache ibane ukutani. Bandika vipande viwili vya koki (gamba jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa) kwenye pembe za chini za fremu, nyuma, ili hewa ipite. Ukuta wa nje huwa baridi kuliko hewa ya chumba, unyevu hujikusanya hapo, na ukungu huanzia upande wa turubai usiouona. Na juu ya meko usitundike kitu unachokipenda, hata kama msanifu amechora hivyo. Joto na moshi viko hapo hapo chini.

Upungufu wa kuta una tiba za kale. Msanifu Mwingereza John Soane, katika nyumba yake London, mwaka 1824 alijenga chumba cha picha ambacho kuta zake ni milango: ukiifungua, nyuma kuna picha nyingine. Chumba chenye upana wa mita chache kinabeba picha zaidi ya mia moja. Johnson naye alitumia paneli zinazozunguka ndani ya jengo lake lililofunikwa kwa udongo. Familia yenye mkusanyo mkubwa na ukuta mdogo inaweza kuiga hilo kwenye chumba kimoja, ikawa inabadilisha picha kwa zamu. Picha inayopumzika gizani haifi rangi, na watoto huanza kuziona upya.

Kinachojengwa kinagharimu nini dunia

Saruji inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotolewa na shughuli za binadamu. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida hubeba takriban kilo 300 za hewa hiyo. Mita moja ya ujazo ya mbao kavu, kwa upande wake, imefungia karibu tani moja ya kaboni dioksidi ambayo mti uliivuta hewani, mradi mti huo ulikatwa kwenye msitu unaopandwa tena na mbao zenyewe zikae jengoni kwa miongo. Mti uliotoka kwenye msitu wa asili uliofyekwa haustahili kuhesabiwa hivyo.

Udongo wa kiwanjani kwako ni karibu bure kwa mazingira. Tatizo ni kwamba wakandarasi wengi huuchanganya na saruji asilimia 5 hadi 10 ili uhimili mvua, na ukuta ukiwa mnene, saruji hiyo inakuwa nyingi. Upenu mrefu na msingi wa mawe ulioinuka hufanya kazi hiyohiyo bila saruji. Ukuta mnene pia unakula nafasi: nyumba yenye mzingo wa mita 60, ukuta wa sentimita 45 badala ya 20, umepoteza mita za mraba 15. Hicho ni chumba cha mtoto.

Nyumba ya vioo haihitaji tani nyingi za vifaa, lakini vioo na alumini ni vitu vilivyopikwa kwa moto mkali, na vikavunjika au kuvuja miaka ishirini baadaye vitapikwa vingine.

Hapa kuna neno ambalo wateja hawapendi kulisikia. Ukubwa ndio mkosaji mkuu. Nyumba ya mita za mraba 600 yenye kila aina ya teknolojia inaweza kula nishati na vifaa kuliko nyumba ya kawaida ya mita 200. Ukiniuliza fahari iko wapi, nitasema kwenye ngazi iliyochongwa vizuri, kwenye kimo cha dari, kwenye ukimya wa chumba cha kulala. Vyumba vitatu vya wageni vinavyolala vitupu mwaka mzima haviongezi chochote.

Paneli za sola hazitofautiani kati ya nyumba hizi tatu, isipokuwa kwa paa. Mita ya mraba ya paneli nzuri hutoa takriban wati 200 jua likiwa kali. Mita 40 ni kilowati 8, na mahali penye wastani wa saa nne na nusu za jua kamili kwa siku utavuna kama kilowati-saa 28 baada ya upotevu. Paa bapa la nyumba ya vioo huzipokea vizuri, nyumba ya ua huwa na kivuli cha paa zake yenyewe, na mbao inategemea mwinuko uliochagua. Maji ya mvua hesabu yake ni nyepesi zaidi: kila milimita moja juu ya kila mita ya mraba ya paa ni lita moja.

Kwa muhtasari wa anayetaka kuona pembeni kwa pembeni:

| | Vioo | Kuta nene na ua | Mbao iliyozibwa |
|---|---|---|---|
| Sanaa inayofaa | Mawe, shaba, kauri | Karibu yote | Karibu yote, ukichuja hewa |
| Kutundika picha | Hakuna | Reli ya juu | Popote |
| Joto kavu | Hapana | Bora | Nzuri ikiwa na kivuli |
| Joto la unyevunyevu | Hapana | Nzuri ikiwa na upenyo wa upepo | Nzuri, ikipozwa na kukaushwa hewa |
| Baridi kali | Ghali kuendesha | Inahitaji tabaka ya kuzuia joto | Bora |
| Utunzaji | Kusafisha, kubadilisha mipira ya kuziba | Kukarabati lipu | Chujio, mchwa, maji |
| Sauti | Mwangwi | Tulivu | Hatua za juu husikika chini |

Familia, si makumbusho

Mistari miwili ya mwisho ya jedwali inastahili maneno zaidi. Kwenye nyumba ya vioo kila alama ya kiganja cha mtoto ni kazi ya mtu, na mwangwi wa sebule ndefu huchosha baada ya saa moja ya watoto watatu na televisheni. Udongo humeza sauti za nje. Mtoto anayejifunza ngoma apewe chumba chenye ukuta wa namna hiyo. Mbao ni nyepesi, kwa hiyo hatua za ghorofani husafiri. Tabaka ya mchanga au changarawe juu ya sakafu ya ghorofa, au jamvi jembamba la zege juu ya mkeka wa mpira, hutatua hilo, ila lazima mhandisi ajue mapema kwa sababu ya uzito.

Ua una sifa ambayo hakuna mpango mwingine unaoipata: mtu yeyote akiwa jikoni anaona watoto, nao hawatoki nje. Bibi na babu wanazunguka kwenye baraza bila kupanda ngazi. Watoto wanaocheza mpira uani watapiga kitu siku moja, kwa hiyo sanaa ya uani iwe ya kuhimili: sanamu ya jiwe iliyopigiliwa kwenye msingi, vigae, ukuta wa mozaiki.

Moto huulizwa sana kuhusu mbao. Mbao nene huungua pole pole, takriban milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa unaojitengeneza juu huilinda sehemu ya ndani. Mhandisi huongeza unene kufidia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji ya kuzimia moto, yanayoharibu picha kuliko moshi. Uliza kuhusu mfumo wa ukungu wa maji, unaotumia maji kidogo.

Jambo jingine lisilosemwa sana ni harufu ya nyumba mpya. Mti wa mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, na mvuke huo ukifungiwa ndani ya kabati la kuonyeshea hula madini ya risasi na magamba ya kome. Kabati zuri la mwaloni kwa mkusanyo wa magamba ya baharini linaangamiza kilichomo. Zege jipya nalo hukauka pole pole, kama sentimita 2.5 kwa mwezi kwa makadirio ya mafundi, kwa hiyo jamvi la sentimita 15 linatoa unyevu kwa nusu mwaka. Hamia, ishi, fungua madirisha. Picha za thamani zisubiri.

Sanaa ya kununua au sanaa ya kujengea?

Huu ni ulinganisho wa pili, mfupi, lakini unaweza kubadilisha bajeti yako yote. Picha ya kununua unaondoka nayo ukihama na unairithisha. Mlango uliochongwa, ngazi ya chuma, ukuta wa vigae au dirisha la vioo vya rangi hubaki na nyumba, ila hufanya kazi: mlango unafunga, vigae vinazuia maji, kimiani kinatoa kivuli. Kwa nyumba endelevu hii ya pili ina mantiki zaidi, maana kitu kimoja kinafanya kazi mbili na mafundi wa karibu wanapata kazi. Jumla ya bajeti ya sanaa, ningepeleka nusu au zaidi huko.

Kuna sharti. Andikianeni na msanii kabla ya kuanza: nani atarekebisha, na itakuwaje ukuta ukibomolewa. Nchi nyingi zinampa msanii haki za kimaadili juu ya kazi yake, kama ile ya kazi kutoharibiwa, hata baada ya kuiuza. Sheria ya Marekani ya 1990 ndiyo iliyowawezesha wasanii 21 wa jengo la 5Pointz, New York, kushinda dola milioni 6.75 mahakamani mwaka 2018 baada ya michoro yao kupakwa chokaa bila kufuata utaratibu.

Ningechagua ipi?

Kwenye joto kavu: udongo na ua, bila kufikiria mara mbili. Kwenye baridi: mbao iliyozibwa, madirisha makubwa upande mmoja tu. Kwenye joto la unyevunyevu: mpango wa ua, kuta nene kwa vyumba vya mchana na nyepesi kwa vyumba vya kulala, na chumba kimoja tu kilichozibwa na kukaushiwa hewa kwa ajili ya karatasi na vitambaa. Kupoza chumba kimoja ni nafuu kuliko kupoza nyumba nzima kwa ajili ya michoro sita. Kioo ningekipa sehemu moja, ile yenye mandhari ya kweli, nikaweka hapo sanamu na viti.

Fallingwater ya Frank Lloyd Wright, nyumba ya familia ya Kaufmann huko Pennsylvania, ndiyo mfano ambao wateja hutaja sana. Mandhari, mawe ya hapo hapo, sanaa kila kona. Matuta yake ya zege yaliyoning'inia juu ya maporomoko yalishuka hata ikabidi yavutwe kwa nyaya za chuma mwaka 2002, na kuvuja kwa paa ni hadithi ndefu. Mtu akikuonyesha picha ya nyumba hiyo, muulize mhandisi wako nani atalipia miaka sitini ijayo.

Kama una nyumba tayari, na kubomoa ni moja ya mipango yako, subiri kidogo. Kuitengeneza iliyopo mara nyingi hushinda zote tatu kwa hesabu ya kaboni, kwa sababu msingi na kuta zake zimeshalipiwa. Nunua vipima unyevu na joto vinavyohifadhi kumbukumbu, uviweke kwenye kila ukuta unaoufikiria kwa picha, uviache vipite misimu yote. Mpe msanifu vipimo hivyo pamoja na orodha ya kazi zako za sanaa, kila moja na urefu, upana na uzito wake, kabla hajachora mstari wa kwanza.